Mwana Mkubwa Alisimama Nje ya Ukumbi



Kijana mwenzangu, wiki hii sianzi na swali la katekisimu. Naanza na kadi tatu za kuingilia ukumbini zilizoko hapa mezani kwangu, kando ya Liturujia ya Vipindi. Ni za onesho la familia la Jumamosi ijayo, saa kumi jioni, hapa Bagamoyo. Kadi moja ni yangu, moja ya mama na moja ya baba. Sina uhakika kama ile ya baba itatumika, na isipotumika, sehemu kubwa ya kosa itakuwa yangu mimi, frateri mwenye shahada ya falsafa.

Naomba unisikilize mpaka mwisho. Najua wengi wenu mnajiandaa kwa likizo, na ratiba za maonesho zimeshaanza kusambaa kwenye simu: matamasha ya kwaya, usiku wa ngoma, maigizo ya watoto, sarakasi, bendi. Wengine mmeniuliza waziwazi, "Frateri, ni dhambi kwenda?" Wengine hamjauliza, mmeshanunua tiketi, sasa mnatafuta mtu wa kuwatuliza dhamiri. Nitawajibu wote, ila nitajibu kwa kuungama kwanza.

Mji wenye ngoma na msalaba

Kwa ambao hamjafika Bagamoyo, mji huu una vitu viwili vinavyojulikana sana. Cha kwanza ni misioni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakaanzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa watoto. Mahujaji bado wanakuja kila mwaka kusali kwenye msalaba ulioko ufukweni.

Cha pili ni sanaa. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 tunakiita TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wanafunzi wanajifunza ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, sanaa za ufundi. Ukumbi wake uliungua moto mwaka 2002, ukajengwa upya. Kila mwaka kuna tamasha kubwa linaloleta wasanii kutoka ndani na nje ya nchi, na katikati ya mwaka kuna maonesho madogo madogo ambayo wenyeji wanayapenda kwa sababu mtu anaweza kwenda na mtoto wa miaka minne na bibi wa miaka themanini. Yanaanza mapema, watoto wanakaa mbele, na watu wanarudi nyumbani bajaji zikiwa bado zinapatikana.

Wakubwa wangu wa shirika walinituma huku kwa mwaka wa kichungaji. Walichokuwa hawajui ni kwamba walikuwa wananituma kwenye mji ambao mdogo wangu wa kuzaliwa alikuwa amekimbilia kwa sababu yangu.

Nilimtuma Plato amfukuze mdogo wangu

Sisi ni Wagogo wa Mpwapwa. Baba ni katekista wa kigango kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni mtu mwema, na naomba usimhukumu. Yeye ngoma aliyoiona ujanani ni ile ya usiku, yenye pombe, yenye ugomvi, ambayo asubuhi yake kuna binti analia na ndoa imevunjika. Ameshasuluhisha nyumba nyingi zilizobomokea ngomani. Kwa hiyo kwa baba, ngoma na Ekaristi haviketi meza moja.

Mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne alisema anataka kwenda Bagamoyo kusomea muziki. Zeze alijifunza mwenyewe, kwa kusikiliza wazee na kwa kusikiliza rekodi za Hukwe Zawose, yule Mgogo mwenzetu aliyeibeba ilimba na zeze akazunguka nazo dunia, akaishi hapa hapa Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003. Nyumbani mjadala ukawa mkubwa. Mwisho baba akanipigia simu seminarini.

"Frateri," akasema, maana tangu nivae kanzu baba haniiti tena kwa jina. "Wewe umesoma. Huyu mdogo wako anataka kwenda kusomea ngoma. Vitabu vinasemaje?"

Nilikuwa mwaka wa pili wa falsafa. Wiki ile ile tulikuwa tumesoma Jamhuri ya Plato, pale anapowatoa washairi nje ya mji wake bora kwa sababu wanaiga mambo badala ya kuyajua, na wanachochea hisia zinazopaswa kutawaliwa na akili. Nilikuwa nimeielewa hoja hiyo vizuri, na nilikuwa na hamu ya kuitumia mahali. Si unajua mtu akinunua panga jipya, kila mti anauona kuni. Mtu angetegemea niseme, "Baba, kaa naye, msikilize, mpe baraka zako." Mimi nilitoa mhadhara. Nikamweleza baba kuwa hata wenye hekima wa kale, kabla ya Kristo, waliona hatari ya mambo hayo.

Baba alinyamaza kidogo. "Basi," akasema. "Kama vitabu vimesema hivyo, imekwisha."

Mdogo wangu aliondoka alfajiri, wiki mbili baadaye, bila kuaga. Alibeba begi moja na zeze limefungwa kwenye kanga ya mama. Noeli mbili zimepita tangu siku ile. Humtumia mama hela ya chumvi kwenye simu. Kwa baba hajapiga, na baba hajauliza.

Nikwambie kitu ambacho kinaniuma zaidi. Plato sikumsoma mpaka mwisho. Kwenye kitabu cha kumi, baada ya kuwafukuza washairi, anaacha mlango wazi: mtu akiweza kuonesha kwamba ushairi una faida na si utamu tu, basi na urudishwe, na wao wataupokea kwa furaha. Tena nyimbo za kumsifu Mungu na za kuwasifu watu wema hakuzitoa kabisa. Yaani hata yule niliyemfanya shahidi wa mashtaka hakusema nilichomsemesha. Nilisoma nusu ya kitabu, nikamfukuza ndugu mzima.

Upinde usiolegezwa

Mwaka wa tatu tulifika kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Kwenye Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anauliza kama kuna fadhila katika michezo na burudani. Nilidhani atasema hapana na kwenda kulala. Kumbe anasema ndiyo.

Anasimulia kisa kilichopokewa kutoka kwa wazee wa kale juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walimkuta mzee Yohane anacheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Mmoja wao alikuwa na upinde. Yohane akamwambia apige mshale, akapiga. Akamwambia apige tena, na tena. Kisha akamuuliza: je, unaweza kuendelea hivi bila kupumzika? Yule mtu akajibu kwamba upinde utavunjika. Yohane akamwambia kuwa na roho ya mtu ni hivyo hivyo. Ikivutwa siku zote bila kulegezwa, inavunjika.

Tomaso anaendelea. Mwili ukichoka unapumzika kwa usingizi, na roho ikichoka inapumzika kwa furaha. Kazi ya wasanii wa jukwaani, ambayo ipo ili kuwafurahisha watu, haina ubaya kwa yenyewe, ilimradi waifanye kwa kiasi. Wanaowalipa kwa kiasi hawatendi dhambi, wanawalipa watu waliofanya kazi. Halafu anasema jambo lililonifanya nifunge kitabu na kutoka nje kutembea: mtu asiye na furaha hata kidogo, anayekuwa mzigo kwa wenzake na kuwazuia wasifurahi hata kwa kiasi kinachofaa, naye ana kasoro, anakwenda kinyume cha akili.

Nilitembea kuzunguka uwanja wa mpira wa seminari mara tatu. Nilikuwa nimejiona mlinzi wa akili, kumbe mwalimu mkubwa wa akili katika Kanisa letu ananiambia nimekwenda kinyume chake.

Ungedhani siku ile ile nilimpigia baba. Sikumpigia. Kukubali kosa kichwani ni rahisi. Kulisema kwenye simu, kwa baba yako anayekuita frateri, ni jambo lingine kabisa. Nikaliacha mwaka mzima.

Jioni ile chini ya mwembe

Mwezi wa tatu baada ya kufika Bagamoyo, nilikuwa natoka kusali na jumuiya moja. Giza lilikuwa linaingia. Nilipopita karibu na ukumbi nikasikia zeze.

Ukiwa Mgogo, zeze huliulizi jina. Nilijua wimbo, ni ule ambao bibi alikuwa akiuimba akisaga mtama. Na nilijua mkono. Mdogo wangu ana kasoro moja tangu utotoni: akifika mwisho wa mstari anachelewesha kidogo, kama mtu anayegeuka kuona kama mwenzake anamfuata.

Nikasimama nje, chini ya mwembe. Mlinzi akaniona. "Frateri, ingia tu, leo ni mazoezi, hakuna kiingilio."

"Nina haraka," nikamwambia.

Sikuwa na haraka yoyote. Nilisimama pale nusu saa nzima. Sikuingia na sikuondoka.

Sasa fungua Injili ya Luka, sura ya 15, kuanzia aya ya 25. Sote tunaujua mfano wa mwana mpotevu, na wengi wetu tunapofika pale baba anapomkumbatia mwanawe tunaona hadithi imekwisha. Haijaisha. Kuna mwana mkubwa anatoka shambani. Anakaribia nyumba, anasikia muziki na watu wakicheza. Angalia hapo vizuri: kitu cha kwanza kinachomfikia si habari ya ndugu yake, ni sauti ya ngoma. Haingii. Anamwita mtumishi na kuuliza kuna nini. Akiambiwa, anakasirika, anakataa kuingia.

Yesu angeweza kusimulia mfano ule bila muziki. Ndama tu angetosha. Lakini aliweka muziki ndani ya nyumba ya baba na mwana mwema nje, anausikia na hauingii. Na yule mwana hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa mchapakazi, mtii, hajawahi kuvunja amri. Kwa lugha ya kwetu, alikuwa frateri.

Na mwenzake yupo kwenye Agano la Kale. Ukisoma kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 6, Daudi anacheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Bwana, na Mikali binti Sauli anamtazama kutoka dirishani, anamdharau moyoni. Mikali dirishani, mwana mkubwa uani, na mimi chini ya mwembe. Tofauti yetu ni ukuta tu.

Usinielewe vibaya. Simaanishi kila palipo na ngoma pana Mungu. Daudi yule yule aliyecheza vizuri alikuja kuanguka vibaya. Ninachosema ni kwamba Maandiko yanatuonesha hatari mbili, na sisi vijana tulio kanisani sana tumefundishwa kuiona moja. Kuna hatari ya kuingia ukumbini ukapotea. Kuna na hatari ya kubaki nje ukapotea ukiwa karibu na nyumba.

Tarumbeta za misioni

Mtu ataniambia, "Frateri, hayo ya Daudi ni ya zamani, sisi tulipokea imani kwa wamisionari, na wao walikataza ngoma." Ni kweli, sehemu nyingi walikataza, na baadhi ya waliyoyakataza yalistahili. Lakini hapa Bagamoyo kuna historia nyingine inayofaa kukumbukwa.

Mwaka 1871 alipita hapa Henry Morton Stanley, akiwa njiani kwenda kumtafuta Livingstone. Mapadre wa misioni walimkaribisha chakula. Baada ya kula, kwa maelezo yake mwenyewe, waliingia vijana kama ishirini wa misioni wakiwa na ala za shaba, wakampigia muziki wa bendi kamili, naye akashangaa kabisa.

Hebu fikiria. Misioni ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Bado walikuwa wanafyeka mapori, wanachimba, wanazika wagonjwa. Watoto waliokuwa wakilelewa pale, wengi walikuwa wametolewa katika minyororo. Waliuzwa na kununuliwa kama mbuzi. Mapadre wangeweza kusema, kwanza sala na jembe, muziki utakuja tukitajirika. Badala yake waliwapa tarumbeta. Nadhani walielewa kwamba mtoto aliyefanywa bidhaa hawezi kuamini kwa maneno matupu kuwa yeye ni mwana wa Mungu. Anahitaji kusimama mbele ya watu, apulize kitu chenye sauti nzuri, atazamwe kwa furaha na si kwa bei. Hiyo nayo ni katekesi.

Na Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, kabla hatujamjua kama Papa, alikuwa kijana wa jukwaani. Wakati Wajerumani wameikalia Poland, yeye na wenzake waliunda kikundi cha maigizo mwaka 1941, wakawa wanaigiza kwa siri ndani ya sebule za watu mjini Kraków, maana utamaduni wao ulikuwa umepigwa marufuku. Mwaka uliofuata akaanza masomo ya upadre, nayo kwa siri. Alipokuwa Papa, mwaka 1999, aliwaandikia wasanii wa dunia nzima barua rasmi. Mtu aliyekuwa mtakatifu hakuona haya kwamba sauti yake ilizoezwa jukwaani.

Basi, twende au tusiende?

Mlinitaka jibu, nami nimezunguka sana. Jibu ni hili: nenda, lakini nenda kama Mkristo. Tomaso yule yule anatupa mambo matatu ya kuangalia, nami nayaleta kwenye ratiba zenu za likizo.

La kwanza, kisiwe kitu kichafu au chenye kudhuru. Kabla hujalipa kiingilio, uliza ni onesho gani. Siku hizi si kazi, vipande vya video vimejaa. Kama kichekesho kizima kinategemea kumdhalilisha mwanamke, au kumcheka mlemavu, au matusi ambayo usingeyarudia mbele ya mama, hiyo hela nunua vocha umpigie mama. Na usijidanganye kwamba neno "familia" likiandikwa kwenye tangazo kila kitu ni salama. Neno haligharimu kitu.

La pili, usijipoteze wewe mwenyewe. Tomaso anasema burudani isivuruge uzito wote wa nafsi. Kwa kiswahili cha mtaani: rudi ukiwa bado ni wewe. Kama ili ufurahi lazima ulewe kwanza, basi kinachokufurahisha ni chupa, mwanamuziki anasindikiza tu.

La tatu, kifae mtu, wakati na mahali. Tamasha la Jumamosi usiku linalokufanya ukose Misa ya Jumapili limechukua zaidi ya kiingilio. Hela ya ada ya mdogo wako si hela ya kiti cha mbele. Majilio si Noeli, na Kwaresima si Pasaka. Kuna wakati wa kulegeza upinde na wakati wa kuuvuta.

Naongeza la nne, hili ni langu, usimsingizie Tomaso. Uliza utakwenda na nani. Vijana wengi tunakwenda ukumbini na marafiki, na wazazi tunawaachia redio. Lini mara ya mwisho ulikaa safu moja na baba yako, mkatazama kitu kimoja, mkacheka kwa pamoja? Nyumba nyingi sasa jioni kila mtu ana simu yake na bando lake, tumekaa kochi moja kama abiria wa daladala. Onesho la familia lina uzuri huu: kwa saa mbili mnalazimika kutazama upande mmoja. Na mkirudi mna la kuzungumza. Nimeona kwenye parokia hii baba na binti waliokuwa hawaelewani wakibishana kwa kicheko, kutoka ukumbini mpaka kituo cha bajaji, juu ya kijana wa sarakasi aliyetembea juu ya kamba. Hawakuwa wamesuluhishwa bado. Lakini walikuwa wanaongea, na suluhu huanzia hapo.

Kwa hiyo likizo hii, usinunue tiketi moja. Nunua mbili. Kama huna uwezo wa mbili, tafuta la bure. Mazoezi ya kwaya ya parokia hayana kiingilio na wazee wanayapenda.

Kadi ya tatu

Narudi kwangu.

Jumapili iliyofuata baada ya jioni ile, Misa ya pili ilipokwisha, nilimkuta mdogo wangu amekaa benchi la mwisho. Amekonda, amekuwa mrefu. Tulisalimiana kikwetu. Halafu akasema, "Kaka, mlinzi aliniambia kuna frateri alisimama nje nusu saa. Nikajua ni wewe."

"Ni mimi."

"Hukuingia."

"Sikuingia."

Nilimwambia kila kitu: simu ya baba, Plato, yote. Nilitegemea akasirike. Alinisikiliza, kisha akatoa kadi tatu mfukoni. "Kuna onesho la familia. Nitapiga zeze la babu. Mlete mama. Na baba, akikubali."

Hapo ndipo nilipojua kwamba zeze aliloondoka nalo lilikuwa la babu, baba wa baba. Usiku ule nilimpigia mama kumuuliza. Mama akacheka kwa huzuni. "Kwani hujui? Lilikuwa limechomekwa darini tangu baba yako alipokuwa katekista. Kabla ya hapo alikuwa akilipiga yeye. Mimi nilimpendea hapo hapo."

Miaka yote hii, kijana mwenzangu. Baba hakumkataza mdogo wangu kitu asichokijua. Alimkataza kitu alichokiacha yeye mwenyewe kwa uchungu, akidhani Mungu amemwambia aache. Na alipotafuta mtu wa kumwambia kama alikosea au la, alinipigia mimi.

Kwa hiyo juzi nilimpigia. Nilianza kwa kuomba msamaha, kwa sababu nimejifunza kwamba nikianza na maelezo nitaishia kwenye mhadhara. Nikamwambia, "Baba, siku ile uliyoniuliza, nilikupa jibu baya."

Kimya. Nikasikia kuku upande wa pili. Kisha baba akasema, "Vitabu vimebadilika?"

"Hapana, baba. Nilisoma nusu."

Kimya tena, kirefu. "Nitaangalia," akasema. Mkubwa wa kwetu akisema nitaangalia, huwezi kujua. Nikawa nataka kuaga, akauliza, "Hilo zeze, nyuzi zake ni zile zile?"

Sikujua la kumjibu. Nikamwambia, "Njoo uone."

Mama yeye nauli anayo tangu alipouza karanga. Alikuwa anangoja tu mtu amwambie siku. Atapanda basi mpaka Chalinze, nitampokea hapo. Ya baba sijui. Nimeshaamua kwamba asipokuja, kiti chake kitabaki wazi katikati yetu na kadi yake nitaitunza. Na akija akasimama chini ya mwembe, akashindwa kuingia, sitamwita kutoka dirishani. Nitatoka nje nisimame naye. Kwenye ule mfano wa Luka, baba alitoka mara mbili: alimkimbilia mdogo njiani, na alimfuata mkubwa uani kumsihi. Mfano haukutuambia kama mkubwa aliingia. Yesu aliuacha mlango wazi, muziki unaendelea ndani.

Watu wa hapa wanasema jina la mji huu linatokana na kubwaga moyo. Wengine wanalieleza kwa furaha: wapagazi waliofika pwani baada ya safari ndefu, wakatua mizigo, wakapumzika. Wengine wanalieleza kwa machozi ya watumwa walioacha mioyo yao hapa kabla ya kupakiwa majahazini. Mimi nina mzigo wa miaka miwili na nusu. Naomba Jumamosi niutue.

Na wewe je? Yupo nani kwenu ambaye hajaketi nanyi muda mrefu, na ulichangia? Huenda hana haja ya mahubiri. Huenda anahitaji mtu wa kumwambia, "Nimepata kiti, njoo tukae."

Tuombe

Ee Baba mwema, wewe unayetoka nje kutufuata sisi tuliobaki uani na haki zetu mkononi, utusamehe kila tulipotumia elimu yetu kumfungia ndugu mlango. Uwabariki wasanii, wapiga ngoma, waimbaji na wachezaji, uwalinde na uchafu na njaa. Uzikutanishe familia zetu katika likizo hii, ukumbini, mezani na altareni kwako. Na siku ile utakapotuita kwenye karamu yako, tusikie muziki, tuingie. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mniombee mimi, mwombeeni na baba.

Ndugu yenu, Frateri.